Fidia, Kifuta Jasho na Msaada: Deni la Nyumba Iliyozama

Mafuriko yakishapita, halmashauri inayotaka kuwasaidia wenye nyumba zilizoharibika huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kukarabati: kutoa mabati, saruji, mbao au fedha ili familia irudi ilipokuwa. Ya pili ni kununua: kumlipa mwenye nyumba thamani ya mali yake, kulibomoa jengo, na kuliacha eneo wazi ili maji yakirudi yasimkute mtu. Njia zote mbili huhesabiwa kwa shilingi, lakini chini ya hesabu kuna swali la wajibu. Mtu ambaye nyumba yake imechukuliwa na maji anaidai jamii nini, na anadai kwa msingi gani? Kiasi cha malipo, orodha ya wanaostahili na mahali pa kuhamia, vyote hutegemea jibu la swali hilo.

Maneno matatu

Kiswahili cha ofisi za Tanzania kina maneno matatu kwa malipo ya namna hii, na kila neno limebeba jibu lake. Msaada hutolewa kwa huruma. Mtoaji angeweza kutotoa, na mpokeaji hushukuru. Fidia hulipwa kwa haki. Mlipaji amechukua kitu cha mwenzake na anarudisha thamani yake, na mpokeaji anaweza kwenda mahakamani ikipungua. Kati ya hayo mawili kuna kifuta jasho, malipo yanayokiri kwamba mtu amepata hasara bila kukiri kwamba kuna anayedaiwa.

Wakazi wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wanaijua tofauti hii kutokana na mashamba yao. Wilaya hizo zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Tembo wanapovuka mpaka na kumaliza mahindi ya msimu mzima, mkulima halipwi fidia. Kanuni za wanyamapori za 2011 zinampa kifuta jasho kwa mazao, na familia iliyofiwa hupewa kifuta machozi, kwa viwango vilivyopangwa na serikali. Lakini ardhi ya Nyamongo ilipohitajika kwa uchimbaji wa dhahabu, neno lililotumika lilikuwa fidia, kwa sababu kulikuwa na aliyechukua na kilichochukuliwa. Mafuriko hayaingii kirahisi katika fungu lolote. Mto hauna mmiliki wa kushtakiwa kama mgodi, wala maji hayana kanuni ya malipo kama mnyama wa porini. Ndiyo maana baada ya mafuriko mtendaji mmoja huzungumza lugha ya msaada, mwananchi aliye mbele yake huzungumza lugha ya fidia, na wote wawili huondoka wakiamini kwamba mwenzao hakuwa mkweli.

Sheria inavyosema

Maafa nchini Tanzania yanasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, inayoweka kamati kuanzia taifa na mkoa hadi wilaya, kata na kijiji. Katika kata kama Nyamisangura, iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Tarime, mzigo wa kwanza humwangukia mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata. Hao ndio wanaojua nani aliishi wapi, na orodha ya waathirika huanzia mikononi mwao. Sheria hii imejengwa juu ya uokoaji, misaada ya dharura na urejeshaji wa hali. Haimgeuzi mwathirika kuwa mdai wa thamani ya nyumba yake.

Fidia inatoka kwingine. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza kumnyang'anya mtu mali yake bila fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, pamoja na kanuni za 2001 za kuthamini ardhi, zinaeleza fidia hiyo ina nini ndani yake: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, gharama za usafiri, faida iliyopotea, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, riba huanza kuhesabiwa. Sheria hizohizo, hata hivyo, zinatambua ardhi hatarishi, na ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa umo ndani yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu za binadamu katika mita hizo 60. Hapo ndipo penye fundo. Maji humfikia kwanza mtu aliyejenga karibu zaidi na mto, naye ndiye ambaye sheria inaona hakupaswa kuwa hapo.

Msingi wa wajibu

Majibu matatu hutolewa kuhusu msingi wa wajibu, na kila moja lina nguvu yake na mwisho wake.

Jibu la kwanza linasema mafuriko ni kazi ya Mungu, kwa hiyo hakuna anayedaiwa. Wengine huongeza kwamba yaliyompata mtu yamempata kwa sababu, wakitaja gharika ya Nabii Nuhu. Mafundisho ya dini zenyewe hayaruhusu hitimisho hilo. Katika kitabu cha Ayubu, marafiki walioshikilia kwamba aliyefilisika lazima awe ametenda dhambi ndio waliokemewa mwishoni. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anakataa wazo kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Katika Uislamu, hadithi za Mtume zinamhesabu aliyekufa kwa kuzama miongoni mwa mashahidi, daraja ambalo halipewi mtu kama alama ya laana. Gharika ya Nuhu ilikuja baada ya onyo refu kwa watu waliotajwa. Haimpi mtendaji wala jirani mamlaka ya kusoma hukumu katika tope la nyumba ya mwingine.

Jibu hilo lina kasoro ya pili, nayo ni ya kimaumbile. Mvua hutoka juu, lakini urefu wa mafuriko hutengenezwa pia na mikono ya watu. Mto Mara unaanzia katika msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, kisha unatanuka kuwa kinamasi kikubwa kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Msitu unapokatwa huko juu, maji ambayo yangezama ardhini polepole hushuka kwa pamoja, yakiwa na udongo unaojaza mkondo. Anayelima Mau na anayelala ukingoni upande wa Tarime hawajuani, lakini hasara ya mmoja ina sehemu ya faida ya mwingine ndani yake.

Jibu la pili linamlaumu mwenye nyumba: alijenga bondeni akijua. Lawama hiyo ni ya haki pale mtu alipokuwa na pengine pa kwenda, na hapo ndipo inapoishia. Watu wengi hujenga bondeni kwa sababu kiwanja cha bondeni ndicho walichokimudu, au kwa sababu udongo wa huko ndio unaowalisha. Mkulima wa Rufiji amekuwa akiyasubiri mafuriko ya mto kwa vizazi vingi, kwa kuwa yanamletea rutuba. Serikali nayo mara nyingi huwa ilikuwepo wakati wa ujenzi. Kodi ya jengo iliyopokelewa, umeme uliounganishwa, shule iliyojengwa jirani na kituo cha kupigia kura vilimwambia mwananchi kwamba makazi yake yametambuliwa. Mamlaka iliyoonyesha kukubali kwa miaka 30 haiwezi kudai kwamba hatari ni ya mkazi peke yake.

Jibu la tatu linasema jamii inadaiwa hata pasipo mkosaji. Hili ndilo gumu kulieleza kwa lugha ya sheria, na ndilo lenye mizizi mirefu zaidi katika dini. Zaka ina mafungu 8 ya wanaostahili, na moja ni la walioelemewa na madeni, algharimina. Mujahid, mfasiri wa Kurani wa kizazi kilichofuata masahaba, alipolieleza fungu hilo alimtaja mtu ambaye mali yake imechukuliwa na mafuriko. Zaka si hisani ya tajiri. Mafundisho huiita haki iliyomo ndani ya mali yake, na asiyeitoa anazuia kisicho chake. Torati nayo inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni, kwa kuwa masazo ni ya maskini na mgeni. Katika desturi zote mbili mtu anadai bila kumshtaki mtu, na jamii inalipa bila kukiri kosa. Mgawanyo wa ofisini, kwamba malipo ni ama fidia ya kosa ama msaada wa huruma, unaiacha haki hii bila jina. Kwa mwathirika wa mafuriko, hii ndiyo haki inayomfaa zaidi.

Bei ya makazi

Wajibu ukishakubalika, kununua nyumba kunaleta swali jingine: je, makazi yana bei?

Katika Biblia, Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi. Toleo lake lilikuwa zuri: shamba bora zaidi, au thamani yake kwa fedha. Nabothi alikataa kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake, na mkasa ukaishia kwa mashahidi wa uongo na mauaji. Historia ya Uislamu inasimulia mgogoro unaofanana na huo wenye mwisho tofauti. Khalifa Omar alitaka kuupanua msikiti wa Madina, na nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa njiani. Abbas alikataa kuuza. Wawili hao walikwenda kwa Ubayy bin Kaab awaamue, naye akampa haki Abbas dhidi ya kiongozi wa dola. Haki yake ilipokwisha kuthibitishwa, Abbas aliitoa nyumba bila malipo. Visa hivi viwili vikisomwa pamoja vinafundisha kwamba bei nzuri haitoshi kuhalalisha ununuzi. Kinachouhalalisha ni uhuru wa kukataa, na mwamuzi asiyemwogopa mnunuzi.

Fikra ya Tanzania kuhusu ardhi inaongeza tabaka jingine. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huohuo wa Mara, alieleza mwaka 1958 katika Mali ya Taifa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, na kwamba kilicho cha mtu ni jasho aliloliongeza juu yake. Kitabu cha Mambo ya Walawi kinakaribia wazo hilo kinapokataza ardhi kuuzwa moja kwa moja, kwa kuwa mwenyewe ni Mungu na watu ni wapitaji. Hoja hiyo ilikusudiwa kuwalinda wakulima dhidi ya wenye fedha. Baada ya mafuriko inaweza kugeuzwa dhidi yao: kama ardhi ni ya umma na kiwanja ni hatarishi, mthamini atahesabu matofali na kuiacha ardhi. Aliyeishi bondeni miaka 40 atapata bei ya kuta zilizochakaa, ambayo hainunui kiwanja popote. Mantiki yenyewe ya 1958 inakataa tafsiri hiyo. Jasho la mkazi halikuishia kwenye kuta. Limo katika mti alioupanda, wateja aliowazoea, jirani anayemwachia mtoto, na umbali mfupi hadi sokoni.

Kwa Wakurya, wenyeji wa Tarime, kuna kitu kingine kisichoingia kwa urahisi katika fomu ya tathmini. Wafu huzikwa nyumbani, na boma lenye makaburi ya wazee lina uzito usiolingana na kiwanja tupu. Tanzania ina sheria ya kuhamisha makaburi tangu 1969, na gharama za kuzika upya hulipwa. Malipo hayo ni ya lazima na ni ya heshima. Hata hivyo yanagharamia kazi ya kuhamisha, na uhusiano wa watu na mahali unabaki nje ya hesabu. Mwanafalsafa Immanuel Kant na wanafikra wengi waliomfuata walitofautisha vitu vyenye bei na mambo ambayo bei haiyafikii. Halmashauri inayonunua nyumba haiwezi kununua mambo hayo ya pili. Inaweza tu kuepuka kuyavunja bila sababu: kwa kuhamisha majirani pamoja, kuwahamisha karibu, na kutoa muda wa matambiko na sala za kuaga.

Yaliyotokea

Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mvua kubwa kupita zote tangu miaka ya 1950, na watu zaidi ya 40 walikufa. Serikali iliwapa waathirika wa bonde la Msimbazi viwanja Mabwepande, kiasi cha kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kiwanja kilikuwa kikavu na salama. Lakini mama lishe wa Jangwani na mbeba mizigo wa Kariakoo waliishi kwa kutembea hadi kazini, na nauli ya kutoka Mabwepande ilimeza kipato. Baadhi walirudi bondeni. Wahenga walishaonya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Waliorudi waliona mbachao wao ni riziki.

Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2022, ulichukua njia ya ununuzi kwa upana zaidi: kulipa wenye nyumba, kubomoa, kujenga daraja la Jangwani na kuligeuza bonde kuwa eneo la wazi. Masharti ya benki hiyo yanataka jengo lilipwe kwa gharama ya kujenga jipya bila kukata uchakavu, na hata asiye na hati alipwe kwa alichojenga na kusaidiwa kuhama. Mgogoro mkubwa ulihusu ardhi. Wakazi walilalamika kwamba walilipwa majengo na ardhi yao kuonekana haina thamani kwa kuwa ni ya bondeni. Malalamiko yao yanagusa fundo lilelile la mita 60.

Wilaya ya Hanang ilionyesha njia ya tatu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlimani viliangukia Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walikufa. Zaidi ya nyumba 100 zilijengwa Waret, ndani ya wilaya ileile, ili waathirika wakabidhiwe nyumba badala ya hundi. Nchini Uganda, manusura wa maporomoko ya Bududa ya Machi 2010 walipelekwa Kiryandongo, mbali sana na Mlima Elgon, kwenye udongo, lugha na mazao tofauti, na baadhi walirudi mlimani. Huko Marekani, ambako serikali za mitaa hununua nyumba za mafuriko kwa ruzuku ya serikali kuu, kanuni ya kawaida ni kwamba mwenye nyumba anauza kwa hiari, bei inaweza kuwa ile ya kabla ya mafuriko, na ardhi hubaki wazi daima. Mji mdogo wa Valmeyer, Illinois, ulipozama mwaka 1993, wakazi wengi walihamia pamoja mlimani jirani na kuendelea kuwa mji mmoja. Katika mifano hii yote, umbali na ujirani umeamua mengi ambayo ukubwa wa malipo haukuweza kuyaamua.

Udanganyifu na orodha

Pingamizi kubwa dhidi ya kulipa vizuri ni kwamba malipo huwavuta watu hatarini. Tarime ina neno lake kwa jambo hili: tegesha, yaani kujenga haraka au kupanda miche pale inapotarajiwa fidia ya mgodi. Tegesha ni kosa dhidi ya jirani mkweli, kwa kuwa fungu ni moja na kila nyumba ya uongo hupunguza ya kweli. Dawa yake ni tarehe ya mwisho iliyotangazwa mapema, picha za eneo zilizopigwa kabla, na majina kusomwa hadharani katika mkutano wa mtaa au kijiji. Wakurya wana mazoea ya iritongo, baraza la wazi ambamo jambo la mtu husikilizwa mbele ya wanaomjua. Orodha iliyopita mbele ya macho hayo ni vigumu kupandikizwa majina ya uongo. Kuwanyima wote kwa sababu ya wategeshaji wachache ni kuwaadhibu waliozama kwa kosa la wasiozama.

Orodha ina hatari ya upande wa pili pia, ile ya kuwaacha wanaostahili. Mpangaji hupoteza godoro, cherehani na mahali pa kulala, lakini fidia humfuata mwenye nyumba. Mjane anaweza kukuta jina la shemeji kwenye karatasi. Tarime ina kaya za nyumba ntobhu, ambamo mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake ipate warithi. Karani anayeuliza jina la baba wa familia ataiona nyumba hiyo haina kichwa, ingawa desturi inaijua kuwa nyumba kamili yenye mwenyewe. Katika lugha nyingi za eneo hili nyumba ni ukoo kabla ya kuwa ukuta, na sera inayoona ukuta tu hukosea katika kuhesabu watu.

Kukarabati au kununua

Kutokana na hayo, uchaguzi kati ya njia mbili unaweza kuwekwa katika mpangilio. Pale maji yanapofika mara moja katika vizazi kadhaa, ukarabati ndio haki, na uwe ukarabati unaoinua msingi na kubadili tofali la udongo, ili fedha ya umma isijenge kitakachoanguka tena. Pale maji yanaporudi kila baada ya misimu michache, mabati mapya ni kumrudisha mtu njiani mwa maji kwa gharama ya umma. Hapo kununua ni wajibu, hata kama ni ghali. Ununuzi ni wa haki unapotimiza masharti manne: mwenye nyumba anaweza kukataa au kukata rufaa kwa chombo kisicho cha mnunuzi, malipo yanatosha kupata makazi mengine yanayolingana, ardhi ikiwemo, mahali papya pako karibu na riziki na majirani, na wasio na hati, wapangaji na wajane wamo katika hesabu. Anayekataa baada ya kuelezwa hatari abaki na uhuru wake pale anapohatarisha nafsi yake peke yake. Uhuru huo hupungua pale watoto wanapolala chini ya paa hilo, kwa kuwa hawakuulizwa.

Malipo yanayotolewa kwa masharti hayo hayahitaji mkosaji, wala hayahitaji shukrani. Ni fungu ambalo jamii ilikuwa inalishikilia kwa niaba ya yeyote ambaye maji yangemfikia, na deni hilo huwa limelipwa siku ambayo kaya iliyohama imewasha moto wake mahali ambapo mvua ya usiku haitamwamsha mtu kwa hofu.